Waliobaki nje ya uwanja

"Sasa kama damu yao ni mbegu, mbona Karthago hakuna Wakristo?"

Aliyeuliza ni kijana wa kidato cha nne, kakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa kwa sababu viti vilikuwa vimeisha. Tulikuwa kwenye jumuiya, uani kwa mama mmoja wa mtaani kwetu, rozari imekwisha na tunashirikishana Neno la Mungu. Katekista alikuwa ametoka kusema ile kauli tunayokua nayo tangu mafundisho ya Komunyo ya Kwanza, kwamba damu ya wafiadini ni mbegu ya Wakristo. Akawataja Perpetua na Felisita, wanawake waliouawa kwa imani yao Karthago, mji wa kale ulioko Tunisia ya leo, akataka kuingia kwenye matangazo ya michango.

Kijana hakumpa nafasi. Wapo waliocheka. Mwenyekiti akaangalia saa. Katekista akasema njia za Mungu hazichunguziki, wimbo ukaanzishwa, chai ikaletwa.

Mimi nikaondoka na lile swali.

Limenikaa kwa wiki nyingi sasa. Usiku mtoto akishalala nawasha taa ndogo na kusoma. Mwanzoni nilitafuta jibu la kumtuliza kijana wa watu. Baada ya siku chache nikawa upande wake.

## Kauli ina mwenyewe

Aliyeisema ni Tertuliani, mwenyeji wa Karthago, katika utetezi aliowaandikia watawala wa Dola la Roma mwaka 197. Ukiisoma mahali pake haina upole wa mahubiri. Ni maneno ya mtu anayegombana barazani. Tuteseni, anawaambia, tuhukumuni, tusageni; kila mnapotufyeka tunazidi kuwa wengi; damu ya Wakristo ni mbegu. Anawachokoza wakubwa. Wakili akisimama mbele ya hakimu hatoi takwimu, anatafuta kushinda.

Tena aliyasema hayo miaka sita kabla Perpetua hajauawa. Baadaye akajiunga na kundi la wakali waliofuata unabii wa Montanus, akaandika kwamba Mkristo haruhusiwi kukimbia dhuluma. Yeye mwenyewe, kwa mujibu wa Mtakatifu Jeromu, aliishi mpaka akazeeka.

Simdharau. Nataka tu tukumbuke nani anaongea na anaongea na nani.

Halafu angalia kilichofuata. Wavandali waliingia Karthago mwaka 439, Wabizanti wakaichukua tena karne iliyofuata, Waarabu wakaiteka mwaka 698. Mwaka 1053 Papa Leo IX anaandika kwa uchungu kwamba katika Afrika yote iliyokuwa ikikusanya maaskofu 205 kwenye mtaguso mmoja, wamebaki watano. Mwaka 1076 Papa Gregori VII anasikitika kwamba hawapatikani hata maaskofu watatu wanaotakiwa ili kumweka wakfu mwingine. Leo kuna askofu mkuu Tunis, na waumini wake wengi ni wageni.

Sababu zake wanahistoria wanazigombania mpaka leo, sitaziingilia.

Ila damu ilimwagika Karthago, tena nyingi, na kanisa lake likafa.

## Maandishi ya gerezani

Nilipofika hapo nikaamua kuachana na kauli na kuwasoma wenyewe waliokufa. Nikaanza na Perpetua, kwa sababu yeye ameandika.

Hilo peke yake lilinisimamisha. Vibia Perpetua, miaka kama 22, binti wa familia ya heshima, ameolewa, ananyonyesha. Ni mkatekumeni, bado hajabatizwa, anapokamatwa pamoja na wenzake: Revocatus na Felisita ambao ni watumwa, Saturninus na Secundulus. Mwalimu wao Saturus hakuwapo siku hiyo. Alijisalimisha mwenyewe baadaye. Wanabatizwa wakiwa chini ya ulinzi. Na Perpetua, kwa mkono wake, anaandika yanayompata. Maandishi ya mwanamke Mkristo ya zamani kiasi hicho yanahesabika kwa vidole.

Hubiri lolote la Machi 7, sikukuu yao, litakupa mtungi. Baba yake, asiye Mkristo, amekuja kumbembeleza aache. Perpetua anamwonyesha chombo kilichowekwa pale, anamwuliza kama kinaweza kuitwa jina lingine zaidi ya mtungi. Baba anasema hapana. Basi na mimi, anasema, siwezi kujiita kitu kingine ila nilivyo, Mkristo. Mahubiri huishia hapo. Yeye anaendelea: baba yangu aliudhika kwa neno hilo, akanirukia kana kwamba atanitoboa macho.

Mzee anarudi tena. Safari hii hana ukali. Anambusu mikono, anajitupa miguuni pake, hamwiti tena binti, anamwita bibi. Anamwambia ahurumie mvi zake, amwangalie mtoto ambaye bila mama hataishi. Siku ya hukumu anatokea barazani amembeba yule mtoto. Anayehukumu ni Hilarianus, anakaimu nafasi ya liwali aliyefariki. Naye anasema maneno ambayo hata jirani yangu angeyasema: mwonee huruma baba yako mzee, mwonee huruma mwanao mchanga, toa sadaka kwa ajili ya uzima wa makaisari.

"Sitoi."

"Wewe ni Mkristo?"

"Mimi ni Mkristo."

Baba anapoendelea kumng'ang'ania, Hilarianus anaamuru aangushwe chini, anachapwa fimbo. Perpetua anaandika kwamba ilimwuma kana kwamba amechapwa yeye.

Niliacha kusoma hapo. Mwanangu alikuwa amelala chumba cha pili, na ukweli ni kwamba nilikuwa upande wa mzee. Tunaposoma habari hizi kanisani tunasahau kumwuliza mtu yeyote kama babu huyu alikosea nini kumpenda binti yake. Perpetua mwenyewe hamchukii. Anasema alimhurumia kwa sababu katika ukoo wote ni yeye peke yake ambaye hatafurahia mateso yake. Mume hatajwi hata mara moja, na hapo kila msomaji anajitungia yake.

Halafu linakuja suala la maziwa.

Mwanzoni mtoto alikuwa amedhoofika kwa njaa, na Perpetua anapopata ruhusa ya kukaa naye gerezani anasema gereza liligeuka ghafla kuwa kama ikulu. Baada ya hukumu anamtuma mtu kwa baba yake akamchukue mtoto. Mzee anakataa kumtoa. Basi, anaandika, kwa mapenzi ya Mungu mtoto hakutaka tena ziwa, wala maziwa hayakunipa homa, nisije nikateseka kwa wasiwasi wa mtoto na maumivu ya matiti.

Mwanamke yeyote aliyeachisha mtoto anaijua sentensi hiyo kwa mwili wake. Mimi nilishinda nimejifunga kanga kifuani, natetemeka kwa homa, na mtoto wangu alikuwa chumba kile kile. Hapo ndipo nilipoacha kumwona Perpetua kwenye picha ya dirisha la kanisa. Alikuwa na matiti yanayojaa na hofu ya kawaida kabisa kama nitaumwa leo usiku.

Felisita naye alikuwa na mimba ya miezi minane. Sheria ilikataza kumuua mjamzito, naye aliogopa kubaki nyuma ya wenzake. Akajifungua kabla ya siku, gerezani, mtoto wa kike. Siku ya michezo, iliyoandaliwa kwa sikukuu ya kuzaliwa Kaisari Geta, yeye na Perpetua waliingizwa uwanjani wamevuliwa nguo, wamefungwa nyavu. Watu waliojaa pale waliokuja kuona damu wakashtuka: mmoja binti mwororo, mwingine katoka kujifungua, maziwa yanamdondoka. Wakarudishwa ndani wakavishwa. Kisha wakaletwa tena, wakaachiliwa ng'ombe jike mkali.

## Pomponius anaondoka

Mpaka hapo nilikuwa nasoma kama sote tunavyosoma, macho kwa wanaokufa. Nikarudi mwanzo kutafuta yule mtu aliyetumwa kwa mtoto. Anaitwa Pomponius. Ni shemasi.

Nikaanza kumfuata. Siku za kwanza wafungwa waliwekwa kwenye giza na joto la msongamano, askari wakiwakamua fedha. Pomponius na mwenzake Tertius, mashemasi wa kanisa lile, walitoa rushwa ili wafungwa wahamishiwe kwa saa chache sehemu yenye nafuu ya gereza. Perpetua anaandika waziwazi: walilipa. Katika kupumua huko ndipo alipomnyonyesha mtoto.

Kwa hiyo wapo Wakristo, tena wenye daraja kanisani, wanaoingia na kutoka gerezani mchana kweupe, wanajuana na askari mpaka bei, na hawakamatwi. Hakuna anayewaambia mbona ninyi hamfi.

Siku ya kuamkia michezo Perpetua anaota. Anamwona Pomponius anabisha kwa nguvu kwenye mlango wa gereza, amevaa nguo nyeupe. Anamwambia, Perpetua, tunakungoja, njoo. Anamshika mkono, wanapita mahali pagumu penye kona nyingi, mpaka wanafika katikati ya uwanja wanahema. Hapo anamwambia: usiogope, nipo hapa pamoja nawe, nafanya kazi pamoja nawe.

Kisha akaondoka.

Wasomi wameandika kurasa kwa kurasa kuhusu sehemu inayofuata ya ndoto hiyo, Mmisri anayepigana naye na yeye kujiona amegeuka mwanamume. Mimi nimebaki na hayo maneno mawili. Hata ndotoni Perpetua anajua kwamba huyu ndugu atamfikisha mlangoni, atamwambia nipo nawe, halafu atatoka. Wala hamlaumu. Hiyo ndiyo kazi ya Pomponius.

Na hayuko peke yake. Perpetua anamaliza kuandika akisema yatakayotokea kwenye michezo yenyewe, anayetaka na ayaandike. Mtu akayaandika. Hakujitaja jina. Wapo waliodhani ni Tertuliani, ila hakuna aliyethibitisha. Kama asingekuwa amekaa kati ya watazamaji siku ile, akinyamaza huku umati unapiga kelele, tusingejua kwamba Perpetua alipotupwa na ng'ombe alivuta nguo yake kujisitiri, akazibana nywele zake, akamwinua Felisita. Wala kwamba yule kijana mpiganaji asiye na uzoefu alipokosea pigo la kwanza, Perpetua alimshika mkono unaotetemeka akauelekeza kooni.

Na binti wa Felisita? Simulizi inasema dada mmoja alimlea kama mtoto wake. Basi. Sentensi moja, hana jina. Mama wa mtoto tunamtaja katika Sala ya Ekaristi ya Kwanza mpaka leo, na mitaani kwetu kina Felista wamejaa. Yule aliyekesha na kichanga cha miezi minane, akakitafutia maziwa Karthago mwaka 203, hatumjui.

## Mwaka wa hati

Nilidhani naona mambo kwa sababu ndiyo niliyotaka kuyaona. Ikabidi nisogee mbele, kwenye kipindi ambacho waliobaki walikuwa wengi kupita kiasi.

Kaisari Decius alitoa amri, na mwaka 250 ikafika kila kona: watu watoe sadaka kwa miungu na wapewe hati. Makumi ya hati hizo zimepatikana Misri, kwenye mafunjo, na zinafanana kama fomu za ofisini. Fulani mwana wa fulani wa kijiji fulani, daima nimekuwa nikiitolea miungu sadaka, na sasa mbele yenu nimetoa, nimemimina kinywaji na kuonja nyama, naomba mthibitishe. Chini, saini za mashahidi.

Karthago watu walimiminika. Askofu Sipriani anasema wengi hawakungoja hata kukamatwa, walijipeleka wenyewe, na jua lilipokaribia kuchwa wakaomba wasiambiwe warudi kesho. Wengine hawakutoa sadaka ila walinunua hati. Na Sipriani mwenyewe alijificha. Barua zikaja kutoka Roma zenye maneno ya kumchoma kuhusu mchungaji anayekimbia kundi.

Dhoruba ilipotulia wale wote wakarudi milangoni wanataka kuingia.

Sasa ndipo ninapoona mchango wa wafiadini ambao hatuusemi. Waliokuwa wamefungwa na kuteswa bila kukana waliheshimiwa mno, na walioanguka waliwaendea gerezani kuomba barua. Hao walioteswa bila kukana, waungamadini, wakaandika: mpokeeni fulani. Wengine wakaandika mpokeeni fulani na watu wake, bila kusema ni wangapi. Sipriani akaumwa kichwa na barua hizo, na namwelewa. Ukiruhusu barua ya namna hiyo huna tena kanisa, una foleni.

Lakini fikiria nani waliokuwa wakiandika. Watu walionyoshwa viungo kwenye mitambo ya mateso, makovu hayajapona, wanawaombea waliokwenda kujipanga foleni ya sadaka. Wakali walikuwa nje: Novatianus huko Roma alisema aliyeanguka asirudishwe kamwe.

Baada ya Pasaka ya mwaka 251 maaskofu wa Afrika wakakutana. Walionunua hati warudishwe baada ya toba, kesi kwa kesi. Waliotoa sadaka watubu maisha yao yote na wapokewe wakiwa kufani. Muda haukupita, dhuluma nyingine ikanukia, wakalegeza na hilo: warudishwe wote waliokuwa kwenye toba, wapate nguvu ya kusimama safari ijayo. Nikienda kitubio leo napita njia iliyokatwa na ugomvi ule. Bila wafiadini swali lenyewe lisingekuwepo. Usingehitaji kujua umfanye nini aliyeshindwa kama hakuna aliyeweza.

Sipriani alikatwa kichwa Septemba 14, 258, wakati wa Kaisari Valerian. Hukumu iliposomwa alisema tumshukuru Mungu, akaagiza mnyongaji apewe vipande 25 vya dhahabu. Safari hii hakujificha. Ila miaka minane ile aliyoishi kwa sababu alijificha ndiyo miaka aliyolishonea kanisa lake viraka. Sijui nimweke kundi gani, na nimeacha kujaribu.

## Damu ikitumiwa vibaya

Nisije nikaonekana napamba. Heshima kwa wafiadini iliizaa pia sumu, na ilizaliwa Karthago hiyo hiyo.

Mapema miaka ya 300 alikuwepo mama tajiri, Lucilla, aliyekuwa na mfupa wa mtu aliyesemwa kuwa mfiadini. Alikuwa akiubusu kabla ya kupokea komunyo. Shemasi Caecilianus akamkemea, mama akaweka kinyongo. Caecilianus alipochaguliwa askofu, wapinzani wakasema amewekwa wakfu na askofu aliyesalimisha Maandiko Matakatifu yachomwe wakati wa dhuluma ya Kaisari Diocletian, na fedha za Lucilla zikasaidia kumweka askofu mwingine. Wakaitwa Wadonatisti, kanisa la wafiadini, lisilotaka uchafu wa wasaliti.

Karne nzima mji mmoja una maaskofu wawili. Mwaka 411 serikali ikawaita wote Karthago, wakafika zaidi ya 500 ukijumlisha pande mbili. Agostino wa Hippo alikuwepo. Kwake imebaki kauli kwamba mfiadini hafanywi na adhabu, anafanywa na sababu. Nzuri sana. Ila ni Agostino huyo huyo aliyekubali nguvu ya dola itumike kuwarudisha Wadonatisti, na hivyo upande wa pili ukapata wafiadini wapya wa kuwalilia. Nampenda Agostino na hapa amenishinda.

Kwa haki yake, ni yeye pia anayesimulia jambo dogo la mama yake. Monika alikuwa amezoea, kama wanawake wengine wa Afrika, kupeleka makaburini mwa wafiadini uji, mkate na divai. Alipofika Milano akaenda na kapu lake. Mlinzi wa mlango akamzuia: askofu Ambrosi amepiga marufuku. Mjane wa watu akarudi na uji wake bila kinyongo. Mapadri wakituzuia sisi kumwaga pombe kaburini hudhani wanakemea kitu cha kwetu tu.

## Kwa njia ya Bagamoyo

Nilipokuwa karibu kuacha, nikakutana na kardinali.

Charles Lavigerie, Mfaransa, askofu mkuu wa Algiers, alianzisha shirika la Wamisionari wa Afrika mwaka 1868, wale tuliowaita Mapadri Weupe. Mwaka 1884 akawa askofu mkuu wa Karthago, cheo kilichofufuliwa kutoka kaburini. Alikuwa na ndoto ya kulirudisha kanisa la Sipriani na Agostino. Ulinzi wa Ufaransa juu ya Tunisia ulianza 1881, na sitajifanya siuoni. Ndoto yake ilikuja imeshikana mkono na bendera. Kwa Tunisia haikutimia.

Ila mwaka 1878 msafara wake wa kwanza ulipita Zanzibar na Bagamoyo kuelekea Tabora, ukagawanyika, wengine ziwa Tanganyika, wengine Nyanza. Februari 1879 Padri Lourdel, ambaye Waganda walimwita Mapeera, alikuwa Buganda. Na Lavigerie alikuwa amewapa sharti ambalo wamisionari wengine waliliona kali: wasibatize haraka. Ukatekumeni wa miaka minne, kwa mfano wa kanisa la kale. Utaratibu wa kundi la akina Perpetua.

Ndiyo maana usiku wa kuamkia Mei 26, 1886, huko Munyonyo, kuna vijana wa ikulu ya Kabaka Mwanga ambao bado ni wakatekumeni, na Karoli Lwanga anawabatiza mwenyewe, Kizito akiwemo, kwa kuwa padri hayupo na kesho haijulikani. Juni 3 wakachomwa Namugongo. Wakatekumeni waliobatizwa kifo kikiwa karibu, tena, miaka 1683 baadaye.

Paulo VI alipowatangaza watakatifu Oktoba 18, 1964, aliwataja wafiadini wa Karthago katika mahubiri yake. Na padri mmoja wa shirika lile lile, Delattre, aliyechimba magofu ya Karthago kwa miaka mingi, mwaka 1907 alipata vipande vya jiwe lenye majina ya Perpetua, Felisita na wenzao.

Hapa ningeweza kusema: ona, mbegu ilisafiri. Nimejizuia. Kilichosafiri ni maandishi, na maandishi yalinakiliwa na watu waliobaki. Kilichosafiri ni utaratibu wa kufundisha wakatekumeni, ambao ni kazi ya makatekista wasiotajwa. Kanisa la Karthago lilipokufa halikufa kwa kukosa mashujaa. Nikisoma barua za 1053 na 1076 naona uhaba wa watu wa kuendeleza: hakuna maaskofu watatu wa kumweka wakfu wa nne. Akina Pomponius walikwisha.

Na Namugongo je, nani alisimulia? Watatu kati ya vijana waliofikishwa pale kuchomwa waliachwa hai dakika za mwisho. Mmoja wao ni Denis Kamyuka. Alikuwa amehukumiwa kama wenzake, amefungwa kama wenzake, na akarudi. Kwa miaka mingi baadaye yeye ndiye aliyekuwa akiulizwa nani alisema nini, nani aliimba, nani alikuwa wa kwanza. Roma ilipotaka ushahidi ilihitaji mtu aliyekuwepo na ambaye hakufa.

Nimekuwa nikijiuliza aliishije. Asubuhi ya kila Juni 3, kwa mfano. Watu wanakuja kukushika mkono kwa sababu ya wenzako. Unasimulia tena. Kuna anayekutazama na kufikiri swali ambalo hawezi kuliuliza, na pengine wewe mwenyewe umeshajiuliza mara nyingi kuliko yeye.

Kwenye sikukuu hiyo parokiani kwetu husomwa majina yote 22 ya wafiadini Wakatoliki waliouawa kati ya Novemba 1885 na Januari 1887, na wakati mwingine hutajwa na ndugu zetu Waanglikana waliokufa nao. Mwaka huu nimemwomba paroko tuongeze na la Kamyuka, si katika litania, nje yake, kwenye utangulizi. Amesema atafikiria.